Kima na virusi vya mbu

Mwanafunzi, Nairobi: Shikamoo Mwalimu. Kima wa msitu wa Karura hawaonekani kuugua. Wenzao huwasaidiaje watafiti wa homa ya manjano?

Mwalimu: Marahaba. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, watafiti wa homa hiyo walimweka tumbili wa Asia kizimbani juu ya mti ili aumwe na mbu, naye alipopandwa na homa, damu yake ikafichua virusi vipya vilivyopewa jina la msitu huo. Alichaguliwa kwa kuwa nyani na tumbili wa Afrika huambukizwa bila kuugua sana.

Muuguzi: Kule Amerika Kusini, ambako tumbili hufa kwa homa ya manjano, mizoga yao msituni huwaonya maofisa wa afya wawahi kuchanja watu.

Mwanafunzi: Nashukuru, ingawa namhurumia yule wa kizimbani.