MREJESHO: Mafuta ya kapasita ya volti kubwa

Wakuu, miezi mitatu iliyopita niliuliza nijazie mafuta gani kapasita yangu (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya foili na plastiki. Mlinikataza mafuta ya transfoma chakavu kwa sababu huenda yana PCB, sumu ya saratani. Asanteni sana, dumu lile sikuligusa.

Nilianza na alizeti. Kapasita ilishika chaji vizuri, ila nilipofungua juzi ukingoni mafuta yalikuwa yananata kama gundi. Nikahamia parafini nyeupe ya duka la dawa hapa Mwanjelwa (siyo mafuta ya taa!).

Mara ya kwanza ilipiga cheche ndani. Kosa lilikuwa unyevu na hewa. Mbeya msimu huu wa ukungu kila kitu kina maji. Nikayapasha nje hadi nyuzi 110, kipimajoto ndani, kisha nikavuta hewa kwa kompresa ya friji ya zamani. Mapovu madogo kama punje za ulezi yalipanda kati ya foili karibu nusu saa. Sikutegemea yangekuwa mengi vile.

Sasa inakaa kilovolti 10 bila cheche. Rezista ya kumwaga chaji nimeifunga moja kwa moja, haitoki.