Kasri la Lord Egerton, Njoro: mliowahi kuingia, tupeane uzoefu

Binti wa Molo: Jana nimeona picha za harusi zilizopigwa kwenye kasri la Lord Egerton, bibi harusi kajishika kiuno kwenye ngazi, na moyo ukanipiga. Mahali ambapo Maurice Egerton, yule lodi mlowezi wa Kiingereza aliyelijenga, hakutaka mwanamke akanyage! Mliowahi kuingia humo, kwa safari ya shule au kwa nauli zenu, hebu tupeane uzoefu. Mimi nilisimama kwenye ukumbi wa dansi mbele ya kile kinanda cha mabomba, nikabaki najiuliza alikuwa anampigia nani.

Mwananjoro: Darasa la saba. Nakumbuka baridi tu.

Fundi Mawe: Mimi hushika kuta. Ujenzi ulianza 1938, vita vikausimamisha, ukaja kuisha 1954. Pitisha kidole pembeni mwa dirisha utahisi patasi ilikopita. Leo kazi kama ile utamlipa nani, na atakayekuchongea ni nani?

Ngano Tele: Vyumba 52 vya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Alikufa 1958, na ubwana wa ukoo wao ukaishia hapo hapo.

Mama Pacha: Sijawahi kuandika haya popote. Tulitoka Bungoma usiku kwa basi la shule, tukapitia Ziwa Nakuru kwanza, kasri tukalifikia jua likishuka. Mwongozaji akatupa ile hadithi inayosimuliwa na kila mtu: alimpeleka mchumba kwenye nyumba yake ya kwanza, yule dada akaiita banda la kuku akaenda zake, bwana akajenga hili, akamwita tena, akakataliwa tena. Ndipo akawapiga wanawake wote marufuku. Wavulana wa darasa letu wakapata la kusema. "Tokeni nje! Tokeni nje!" Hasira zikanishika, nikaachana na mstari nikajitosa kwenye kile chumba kidogo alichokuwa akisafishia picha zake, maana alipenda sana kamera. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikazungusha kitasa, kikawa kinazunguka bure mkononi. Giza hata kiganja changu sikioni. Niligonga mpaka vifundo vikachubuka, nikaita majina ya wenzangu mmoja mmoja, hakuna aliyeitika. Kisha nikasikia honi ya basi letu. Nikaijua. Ikapiga tena, mbali kidogo.

Aliyenitoa ni mlinzi, mzee mmoja aliyekuwa akizunguka kufunga madirisha. Aliniketisha jikoni kwake, akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akaniambia, "Mjukuu wangu, humu ndani wanawake walikuwa hawaingii, na wewe unataka kulala kabisa!" Nikacheka huku nalia. Basi lilikuwa limeshafika Salgaa ndipo wakahesabu watoto. Mwalimu aliporudi alinizaba kofi bila kuuliza. La pili mzee akalidaka mkono, akasema, "Huyu ni mgeni wangu."

Binti wa Molo: Mama Pacha, pole sana jamani. Nimesoma nimekaa kitako.

Mwalimu Mstaafu: Watoto huhesabiwa mara tatu: mlangoni, kwenye ngazi za basi, na wakishakaa vitini. Huyo hakuwa mwalimu.

Mwananjoro: Tusimhukumu, mwalimu mmoja na watoto sitini ni kazi.

Mwalimu Mstaafu: Kofi nalo lilikuwa la kazi?

Ngano Tele: Naomba niulize. Tunalisifu kasri, mbona ardhi hatuitaji? Wamaasai walihamishwa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi.

Mwananjoro: Huyo huyo alitoa ekari 740 za shule ya kilimo, leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Marehemu baba alisomea hapo.

Ngano Tele: Ilipofunguliwa 1939 ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Wazee wetu waliingia baadaye, milango ilipofunguliwa kwa wote. Mzee wako namheshimu, lakini historia tuisome yote.

Fundi Mawe: Na waliobeba yale mawe hatuambiwi hata jina moja. Mwongozaji atakuambia kwamba bwana alikuwa rubani, leseni nambari 11 ya Uingereza. Mafundi je?

Mpwani: Nawasoma kutoka Unguja. Endeni mukalitazame lingali limesimama. Sisi Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, tulikuwa tukilipita kila siku twenda Forodhani, mpaka upande mmoja ukaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa.

Binti wa Molo: Mungu awarehemu. Mama Pacha, uliwahi kurudi?

Mama Pacha: Nilirudi na binti zangu pacha. Tuliingia kwa mlango wa mbele, tukakanyaga kila chumba tulichoruhusiwa. Yule mzee nilimuulizia, nikaambiwa alishafariki. Chumba cha picha niliwaonyesha kutokea mlangoni, mguu mmoja nje.

Mwananjoro: Wa mara ya kwanza, fikeni asubuhi kabla mabasi ya shule hayajajaa.

Fundi Mawe: Alasiri. Mwanga wa jioni ndio unaoonyesha mawe.

Mwalimu Mstaafu: Wakati wowote, ila mwongozaji mumlipe. Na vitasa mvijaribu kwanza.