Yes ya Howe au Yes ya Anderson: ipi ilikuwa Yes hasa?

Wadau, kuna jambo limetugombanisha mimi na shemeji yangu wiki nzima, naomba tulijadili wote.

Mwaka 2017 na 2018 kulikuwa na bendi mbili za roki zikizunguka na jina moja, Yes, na nyimbo nyingi zilezile. Kikosi cha kwanza: Steve Howe kwenye gitaa, Alan White kwenye drams, Geoff Downes kinanda, Billy Sherwood besi, Jon Davison akiimba. Cha pili: mwimbaji Jon Anderson, aliyeianzisha Yes na mpiga besi Chris Squire London mwaka 1968, pamoja na Trevor Rabin kwenye gitaa, yule mzaliwa wa Johannesburg, na Rick Wakeman kwenye kinanda. Hawa walianza ziara mwishoni mwa 2016 wakijiita ARW tu. Aprili 2017 pande zote mbili zilipanda jukwaa moja Brooklyn, bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki. Siku chache baadaye kina Anderson wakatangaza kwamba nao ni Yes.

Shemeji anasema Yes ni koo la Anderson, basi. Ukimtoa, kinachobaki ni kopi. Ananikumbusha kwamba Davison, aliyeingia 2012, aliwahi kuimba kwenye bendi ya kupiga kopi za Yes, na Benoît David aliyemtangulia naye alitoka kwenye bendi ya aina hiyohiyo. Ni kweli kabisa. Na jinsi Anderson alivyoachwa inauma. Mwaka 2008 alizidiwa, pumzi ikagoma, ziara ikafutwa. Kabla mwaka haujaisha wenzake wakaingia barabarani na David. Hilo silitetei hata kidogo.

Ila mimi nasema Yes ilikuwa besi. Wekeni wimbo wao "Heart of the Sunrise" wa 1971, na mvae hedfoni. Zaidi ya dakika tatu zinapita hamjasikia neno. Baada ya ule mkimbio wa kwanza kila kitu kinanyamaza, linabaki gitaa la besi la Squire peke yake, la aina ya Rickenbacker, linalokwaruzwa kwa kipande cha plastiki mpaka kila nota ina makali, halafu drams zinaanza kulinyemelea. Pale besi ndiyo inayoongoza, wengine wanaifuata. Mimi nikisikia kipande hicho siwezi kuendelea na ninachofanya, lazima niache.

Squire ndiye pekee aliyekuwamo katika kila albamu ya Yes mpaka alipofariki Juni 2015. Mwaka 1980 Anderson na Wakeman hawakuwapo, Downes ndiye alikuwa kwenye kinanda, na albamu ya "Drama" ikatoka kama Yes. Mwaka 1983 Squire, White na Rabin walikuwa wameanza bendi waliyotaka kuiita Cinema. Anderson akaja mwishoni kutia sauti, jina la zamani likarudi, na Januari 1984 wimbo wao ukashika namba moja Marekani. Sasa geuzeni. Mwaka 1989 Anderson aliwakusanya Bill Bruford, mpiga drams wa zamani wa Yes, Wakeman na Howe, yaani pamoja naye wanne kati ya watano waliorekodi albamu ya "Close to the Edge", na bado hawakupata kuitwa Yes, wakatoa albamu kwa majina yao ya ukoo. Aliyekosekana ni Squire. Na huyo Squire, alipougua, alimkabidhi Sherwood nafasi yake kwa ridhaa yake mwenyewe. Kwangu huo ni wosia, na wosia huheshimiwa.

Sisemi kina Anderson walipiga vibaya. Rekodi yao ya Manchester ya 2017 ninayo, na wimbo "Awaken" mle ndani unanisisimua mwili kila mara: Anderson ana miaka zaidi ya sabini, sauti bado iko kulekule juu. Nyimbo za Rabin pia walizipa heshima ambayo upande wa Howe huwa hawazipi, na hilo ni kosa lao. Lakini wamemaliza mwaka 2020 bila albamu hata moja ya studio. Upande wa Howe wakatoa "The Quest" 2021, wakamzika White 2022, wakatoa nyingine 2023. Bendi inayojiita hai lazima itunge.

Na Anderson wa sasa, anayezunguka tangu 2023 na vijana wa bendi ya Band Geeks kwa jina lake mwenyewe, namheshimu zaidi kuliko yule wa 2017.

Shemeji alinibana sehemu moja tu. Howe alizaliwa 1947. Akiweka gitaa chini, Sherwood na Davison wakaendelea na ziara, je, wosia wa Squire bado unatosha, au hapo jina lizikwe naye? Nimelala nalo siku tatu sina jibu. Wenye jibu karibuni.