Nakuru: Nimeuziwa betri isiyofaa, imemwaga asidi ndani ya buti, na duka linanikana

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimekaa wiki tatu nikisubiri hili duka linijibu kiungwana. Leo asubuhi nimeambiwa mbele ya wateja wengine, "Wewe ndiye uliweka betri kwenye buti." Mimi! Gari limetoka kiwandani Japani betri ikiwa kwenye buti, na kijana wao ndiye aliyeifunga kwa mikono yake, mimi nikiwa nimesimama kando nimemshikia tochi ya simu.

Nianze na gari lenyewe, maana kila ninayemweleza anadhani nimefanya ujanja wa kubadilisha vitu. Ni Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile ambayo nje ya Japani wanaiita MX-5. Iliingia Kenya 2008 na nimekuwa nayo miaka sita. Viti viwili, paa la turubai, gia za mkono. Waliolitengeneza walitaka uzito wa mbele na wa nyuma ulingane nusu kwa nusu, kwa hivyo betri wakaitoa chini ya boneti wakaipeleka nyuma, upande wa kulia wa buti, ikafichwa na zulia. Roadster zote kuanzia 1989 mpaka hizi zilizokoma 2005 ziko hivyo. Ukifungua boneti ukitafuta betri utatafuta mpaka jioni.

Betri inapochajiwa, maji yaliyomo ndani yake huachana yakawa hidrojeni na oksijeni. Chini ya boneti upepo unaibeba hiyo hidrojeni, hakuna anayeijua. Ndani ya buti iliyofungwa haina pa kwenda. Ikifika asilimia 4 ya hewa iliyomo, cheche moja tu inatosha kuilipua. Ndiyo maana Mazda hawakuweka betri ya kawaida humo. Waliweka betri iliyozibwa, ya aina ya AGM, ambayo asidi yake imenywewa na matandiko ya nyuzi za kioo kiasi kwamba hata ukiilaza ubavu haimwagiki. Juu ya hayo wakaweka kona mbili ndogo za plastiki ubavuni mwa betri, na mipira myembamba inayoshuka mpaka kwenye tundu la sakafu, ili gesi kidogo ikitoka itokee barabarani. Zikumbukeni hizo kona, nitazirudia.

Mwezi wa saba, na mnajua asubuhi za Nakuru mwezi wa saba, stata ikaanza kukoroma. Nikapima kwa mita. Betri ikiwa imepumzika usiku kucha inasoma volti 12.1, siku mbili baadaye 11.8, wakati betri nzima inapaswa kuwa 12.6 hivi. Injini ikiwaka nikapata 14.2, kwa hivyo alteneta haina neno. Betri imezeeka, basi. Sikuwa na ugomvi na mtu.

Nikaenda katikati ya mji kwa duka moja la betri ambalo halitaji tangazo, kila mtu anapita pale. Nilimwambia muuzaji, na ninakumbuka neno kwa neno: betri iko ndani ya buti, ni ndogo, ina vichwa vyembamba vya kufungia nyaya, na ina mipira ya kutoa gesi. Nikamwonyesha picha. Akasema, "Boss, hiyo ni NS60 tu. Tunaweka kila siku." Nikamuuliza kuhusu AGM, akasema hizo ni za magari ya Wajerumani na zitanimalizia pesa bure.

Yeye ndiye muuza betri, mimi ni mteja. Nikamwamini.

NS60L kwa namba za Kijapani ni 46B24L. Hiyo namba si mapambo. Ya kwanza ni nguvu, herufi B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita kwa makadirio, na L inakwambia chanya iko upande gani. Betri iliyotoka kwangu ilikuwa na urefu wa sentimita 20 hivi. Muuzaji aliyeshika rula mara moja tu angejua kuwa hii imezidi ile yangu kwa sentimita nne. Na hii waliyonipa ilikuwa na herufi S mwishoni, yaani vichwa vinene. Kichwa chembamba cha chanya kina kipenyo cha milimita 14.7, kinene kina 19.5. Karibu milimita tano! Huhitaji kuwa injinia kuona kwamba kibano cha kimoja hakiingii kwenye kingine.

Kijana wao alifanyaje? Alichukua bisibisi, akakipanua kibano changu, kikagoma, akakigonga na spana mpaka kikaingia. Nilisikia kikilia, tik, na nilipomulika nikaona ufa mwembamba kama unywele kwenye shingo ya kibano. Nikamwambia, "Kijana, umekipasua." Akasema kitakaza. Kishikizo cha chuma kinachobana betri chini hakikufika tena kwa sababu ya ule urefu, akakiweka kando, akafunga betri kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilipouliza mipira ya gesi inaingia wapi, akaangalia betri mpya huku na huku, haikuwa na tundu la kuichomeka, akaisukuma nyuma ya zulia. Muuzaji akaja akasema gari litawaka, na kweli liliwaka. Shilingi 11,500, nikapunguziwa 1,000 kwa kuacha betri kuukuu.

Na hapo ndipo wamenimaliza. Betri kuukuu ilibebwa na kona zangu mbili za plastiki zikiwa bado zimechomekwa ubavuni. Niligundua usiku. Asubuhi nikarudi mbio, nikaambiwa lori la chuma chakavu lilishapita. Lilizipeleka wapi? Hakuna anayejua, wala risiti ya mzigo haipo, na sote tunajua risasi, ile metali ya sumu ya betri kuukuu, iliwafanyia nini watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa.

Jumamosi iliyofuata nikasafiri kwenda nyumbani Vihiga kumwona mama. Buti ya Roadster ni ndogo. Niliweka begi moja, na juu yake leso mbili mpya nilizomnunulia, zimefungwa kwa karatasi. Nilipokaribia Mau Summit nikasikia harufu ya mayai viza. Nikadhani ni lori lililo mbele. Lori likaendelea kuelekea Eldoret, mimi nikakata kuelekea Kericho, harufu ikabaki. Kericho nikafungua madirisha. Ile barabara mnaijua, kona juu ya kona kupitia mashamba ya chai, halafu mteremko mrefu kuelekea Awasi na Ahero, na kila kona betri ya sentimita 24 iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ilikuwa inaegama. Sikujua. Nilichojua ni kwamba macho yananiwasha, na nilipofika Kisumu kichwa kilikuwa kinauma.

Mama alizipokea leso, akashukuru, akaziweka kitandani. Kona moja ya karatasi ilikuwa na unyevu, nikadhani ni maji. Kesho yake asubuhi akazikunjua ajifunge moja kwenda kanisani. Kitambaa kikafunguka mikononi mwake kama karatasi iliyolowa. Hakikuchanika, kilimeguka. Akakaa kitandani na kipande mkononi, akaniita, "Baba, hii nguo imeliwa na nini?" Sikuwa na jibu. Nikakimbia kwenye buti.

Betri ilikuwa imelala kwa pembe, vifuniko viwili vimelowa, zulia limegeuka rangi ya kahawia, na chini yake rangi ya bati imevimba kama ngozi iliyoungua. Kibano kilichopasuka kilikuwa kinacheza. Kilicheza njia nzima, kilomita zaidi ya 200, ndani ya sanduku lenye hidrojeni, mgongo wangu ukiwa mbele yake! Nikiwaza hilo nashindwa kulala. Wiki hiyo hiyo, kabla ya safari, nilikuwa nimembeba binti yangu wa miaka tisa kwenye kiti cha pili.

Mama ndiye aliyeiokoa ile bati. Alileta magadi anayopikia mrenda, akakoroga kwenye maji ya ndoo, akaniambia nimwage taratibu. Povu jeupe likapanda likichemka mpaka likatulia, tukamwaga tena, likachemka kidogo, tukarudia mpaka lisipochemka kabisa, kisha tukasuuza kwa maji safi. Ikikumwagikia asidi kwenye gari na huna kitu kingine, fanya hivyo. Ikikugusa ngozi au macho ni maji tu, mengi, na uende hospitali.

Nikarudi Nakuru kwa matatu. Gari likabaki.

Fundi mmoja wa umeme wa magari aliipima ile betri kwa hidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, tundu moja baada ya jingine. Matano yalisoma 1.26, moja 1.15. Kumbe juu ya kutofaa kwa gari langu, ilikuwa na chumba kimoja kibovu tangu mwanzo. Alteneta inaisukumia chaji, vyumba vitano vizima vinachemka, harufu inatoka. Ndiyo ile harufu ya Mau Summit.

Nimeenda dukani mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia mwenye duka hayupo. Mara ya pili wakasema waranti haigusi betri iliyomwagika. Leo ndiyo hii ya "wewe ndiye uliweka kwenye buti." Risiti yangu imeandikwa kwa mkono wao "kuuza na kufunga", pamoja na namba ya gari. Nimewaambia hivyo, wakanigeuzia kisogo, wakaendelea kumhudumia mzee mmoja aliyekuja na Prius. Nikamwambia yule mzee hapo hapo: Mzee, betri yako ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, usikubali ya kawaida. Wakanifukuza.

Na wenye magari ya aina hii ni wengi kuliko mnavyodhani. Mkiona Roadster mnasema hayo ni mambo ya wenye pesa za kuchezea. Prius nyingi betri ndogo iko nyuma. Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, pale mnapokalisha watoto. BMW nyingi ziko kwenye buti. Hizi zote zina njia ya kutolea gesi nje na zote zinataka betri yenye tundu la mpira. Ukienda dukani wakakuletea betri yenye vifuniko sita juu na haina tundu la mpira ubavuni, ondoka. Wakianza kupanua kibano kwa bisibisi, wazuie mkono. Hasi inafunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa spana namba 10. Kijana wa lile duka alianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, na akacheka.

Mimi sitanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, haki ya kuelezwa anachohitaji kujua, haki ya usalama wake kulindwa, na fidia akipata hasara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukimweleza muuzaji unachotaka kitu kifanye, ukategemea ujuzi wake, basi kitu hicho kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Nilimweleza. Nilimwonyesha picha. Mahakama ya madai madogo inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja na huhitaji wakili. Nina risiti, picha za buti, karatasi ya fundi yenye vipimo vya tundu zote sita, na leso moja ya mama iliyobaki vipande, iko kwenye mfuko wa plastiki. Jumatatu nazipeleka.

Nadai 10,500 zangu, gharama ya kukwangua na kupaka rangi ile bati, na kibano kipya. Leso za mama nitanunua mwenyewe, sitaki pesa yao imguse.

Betri sahihi nimeshaagiza Nairobi, AGM ya ukubwa wa B20, vichwa vyembamba, tundu za mpira pande mbili. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile NS60 na nimelipa. Kilichokwama ni zile kona. Mwenye Roadster ya kabla ya 2006 inayovunjwa kwa spea, awe Nakuru, Eldoret au Kisumu, naomba aangalie ubavuni mwa betri kuukuu kama kona mbili za plastiki bado zipo. Andika hapa chini bei yako. Nitazifuata mwenyewe, hata kwa matatu.