Wakuu, mhasibu kaongeza sifuri kwenye ritani yangu ya kodi, nifanyeje?

Mwana_Mwanjelwa: Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. Mauzo ya 2024 ni milioni 86.4, mhasibu kajaza milioni 864. TRA (mamlaka ya mapato) wameniletea makadirio ya kodi, na wanauliza kwa nini sikujisajili VAT wakati nimevuka milioni 200. Silali. Nikihamishia duka kwa mke wangu, deni litanifuata?

Kigogo_Soko: Hata uhamie mwezini, mkuu.

MamaNaomi: Mimi kijana wa steshenari alinijazia mauzo sifuri miezi sita, na mashine inatoa risiti kila siku! Nilizunguka mpaka soli zikaisha. Siku hizi najaza mwenyewe.

Ustaadh77: Mnagawa nywila kama pipi. Kodi ni jukumu lako, ndugu.

MzeeWaZ: Barua umepokea lini?

Mwana_Mwanjelwa: Ina muda kidogo.

MzeeWaZ: Tarehe, mkuu. Pingamizi ni ndani ya siku 30.

Mwana_Mwanjelwa: Leo ni siku ya 25. Nilimsubiri mhasibu arekebishe, alisema ana mtu wake ndani. Ni shemeji yangu, nikimgusa nyumba inawaka moto. Na leseni ya jina la mke nimeshaanza kuiomba. Sioni kosa, duka tulianza wote.

Kibopa: Chai hii. Asubuhi mhasibu, mchana shemeji. Nani anasaini milioni 864 bila kuziona?

MamaNaomi: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mwana_Mwanjelwa: Sijatunga. Nilisainia juu ya kaunta, wateja wawili wanasubiri misumari. Imeandikwa 864000000, hakuna hata koma. Nikasoma ile niliyokuwa nayo kichwani.

Kibopa: Weka picha ya barua, ficha TIN (namba ya mlipakodi).

MzeeWaZ: Kibopa, siku zake zinaisha. Mwana, toa ripoti za Z (zile za jumla ya mauzo ya siku toka mashine ya risiti) za mwaka mzima na taarifa ya benki, andika pingamizi. Utatakiwa kulipa kiasi usichobishia au theluthi ya kodi, kile kikubwa. Theluthi ya kosa hilo itafunga duka, kwa hiyo ambatanisha ombi kwa Kamishna akupunguzie au akusamehe hiyo amana. Leseni ya mke simamisha, itaonekana unakimbia.

Mwana_Mwanjelwa: Nimemwaga boksi la Z sakafuni. Za mwezi wa tano zimefifia zote, karatasi nyeupe tu.

MzeeWaZ: Mashine ilishazituma TRA. Andika hivyo kwenye pingamizi, waombe wazilinganishe. Kesho saa mbili uwe mlangoni kwao, na shemeji aje na nakala yake.