Padi, kibodi au mkeka: nichukue nini kwa gemu ya mdundo?

MkaziWaTudor: Assalam aleikum jamani. Jumamosi naingia mjini kununua padi, kile kidude cha kushika mkononi cha kuchezea gemu. Nimeanza kukimbiza gemu ya mdundo, yaani kuimaliza haraka niwezavyo, na nataka kushusha muda wangu. Nichukue ya waya, ya Bluetooth, au nibaki na kibodi? Na anayeanza aangalie nini?

BintiKisauni: Waleikum salaam. Gemu gani? Wachezea wapi? Mfukoni una kiasi gani? Bila hayo tutakujibu nini?

ShekheMdundo: Kibodi. Mishale minne, vidole vitatu, umemaliza.

MkaziWaTudor: Samahani. Ni Crypt of the NecroDancer, ile ya 2015, ambayo kila hatua waipiga kwa mdundo wa muziki. Laptopu nimeiunga kwa TV ya sebuleni. Nina 2,500. Namaliza na Cadence, mhusika mkuu, lakini polepole.

BintiKisauni: TV! Hilo ndilo ungeanza nalo. Kabla hujatoa shilingi, washa hali ya gemu (game mode) kwenye TV, kisha ingia mipangilio ya gemu upime upya ucheleweshaji. Muziki wa midundo 120 kwa dakika wakupa nusu sekunde tu baina ya mdundo na mdundo. TV ikila sehemu ya kumi ya sekunde, utalaumu vidole bure.

LikoniKwaFeri: Isiyo na waya usiguse kabisa. Mwaka jana nilinunua moja duka fulani la mjini, muuzaji akaniapia ni mpya. Wiki ya kwanza tamu. Wiki ya tatu mshale wa kushoto ukaanza kugoma. Siku hiyo niko zoni ya nne, muda bora kabisa niliowahi kuupata, moyo wanienda mbio. Joka liko kulia, nabonyeza kushoto nirudi nyuma, Cadence kasimama palepale. Nikafa. Nikadhani betri. Nilipoifungua, chini ya raba ya mishale ile shaba ya bodi imeshika unga wa kijani, na skrubu mbili zina kutu. Kweli nakaa karibu na bahari na dirisha langu halifungi, lakini wiki tatu? Padi ile ilishatumika na mtu. Nikairudisha, nikaambiwa nimeimwagia maji. Iliniuma sana. Sasa sinunui kitu sijakijaribu pale pale kaunta.

FundiMajengo: Pole. Unga ule watoka kwa spiriti na mswaki laini, ila usikwangue kwa kisu. Ukimaliza kucheza, ifunge padi kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, vya ndani ya maboksi ya viatu. Hewa ya chumvi yaingia kila mahali.

ShekheMdundo: Kwa mbio zenyewe: achana na dhahabu ya pembeni. Bosi mdogo lazima afe ndipo ngazi zifunguke, basi mtafute huyo kwanza. Adui wa ute wa kijani hausogei, wa buluu wapanda na kushuka. Ukiyajua hayo huhitaji kusimama kufikiri. Na anza na mhusika Bard, yeye hafungwi na mdundo.

BintiKisauni: Bard? Akizoea kwenda bila mdundo, akirudi kwa Cadence sikio limeshalala! Mbio za Bard ni mbio nyingine.

ShekheMdundo: Ramani atajifunzia wapi basi? Mimi nilianza naye, na sikio langu liko salama.

BintiKisauni: Kwenye zoni ya kwanza, mara hamsini, na Cadence. Tena apangie bomu kitufe chake. Ukitumia mishale miwili kwa pamoja, vidole vikipishana kidogo ushatembea badala ya kurusha.

MtwapaGhorofani: Mkeka wa kudansi je? Gemu yaukubali, na miguu haidanganyi mdundo. Ila mpangaji wa chini yangu alipanda na ufagio saa nne usiku.

MkaziWaTudor: Nimewasha hali ya gemu na kupima upya. Wallahi midundo niliyokuwa naikosa imepungua kwa kibodi hii hii. Sasa sijui hata kama Jumamosi niende. FundiMajengo, nina padi ya zamani ya waya yenye mshale mzito. Wapatikana upande gani wa Majengo?

LikoniKwaFeri: Na mimi nataka kujua, yangu bado iko kabatini.