Walimu wa Kiingereza sekondari Dar: fasihi mnaifundishaje mpaka watoto waisome wenyewe? Tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe (mleta mada):
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne, shule ya kata huku Mbagala. Dawati moja wanabanana watatu. Wengi shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, wakifika sekondari kila somo limegeuka Kiingereza. Sarufi tunakwenda kwa kusukumana, lakini fasihi ndiyo inanishinda. Kitabu hawasomi. Wananunua kitini cha muhtasari stationari, wanakariri wahusika na dhamira, basi. Ukiuliza kitu ambacho hakimo kwenye kitini, darasa zima linaangalia dirishani. Na mtihani wa kidato cha nne unataka insha yenye hoja kutoka vitabu viwili. Nadharia za chuoni tunazo, nipeni kilichofanya kazi darasani kwenu.

Ticha wa Temeke:
Mwalimu mwenzangu, mimi siku hizi siandiki dhamira ubaoni. Naanza na ugomvi. Kwenye The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka wa Nigeria, Lakunle, mwalimu wa kijiji, anataka kumuoa Sidi, mrembo wa kijiji, lakini mahari hatoi, anasema ni mila ya kishenzi. Sidi anataka alipiwe yote. Nikauliza tu: wewe dada yako aolewe bure? Darasa lililipuka, hata wale wa nyuma ambao sauti zao nilikuwa sizijui. Nikawaacha wabishane kwa Kiswahili mpaka wachoke, kisha nikasema haya, kila upande uniandikie sentensi tatu kwa Kiingereza, na mstari wa kwenye kitabu unaowatetea. Ndipo wakaanza kugombania nakala.

Baadaye nikaleta Three Suitors: One Husband, tamthilia ya Oyono-Mbia wa Kameruni, maana mahari ni ile ile. Hapo nilipiga hesabu ubaoni: Ndi mkulima katoa laki moja, Mbia mtumishi wa serikali katoa laki mbili, Juliette, binti anayeposwa, anaziiba zote anampa mchumba wake Oko aje alipie nazo. Walicheka mno! Siku ya jaribio hakuna aliyesahau nani ni nani, na vitabu viwili vya kulinganisha tayari wanavyo.

Kalamu Nyekundu:
Kaka, hayo mazuri kwa kidato cha tatu. Cha nne ukiwaachia wabishane, mtihani unawakuta bado wanabishana. Wangu wana mawazo, kinachowaangusha ni kuandika. Kwa hiyo kila wiki aya moja tu: hoja, tukio la kitabuni, kisha maelezo ya namna tukio linavyothibitisha hoja. Hicho kipengele cha tatu, maelezo, ndicho wanachoruka, wanasimulia hadithi wanadhani wamejibu. Madaftari yote sisahihishi, nitakufa. Nachukua safu moja, wengine wanabadilishana na kuwindana makosa. Wakali kuliko mimi.

Bi Mdogo wa Kinondoni:
Shida yetu ilikuwa nakala. Ukimkabidhi mtoto kitabu kinarudi hakina jalada, au hakirudi. Tukaamua kusoma kwa sauti darasani kwa zamu, tamthilia hasa, kila mmoja na mhusika wake. Anayesoma vibaya simkatizi. Narudia neno kwa usahihi baada ya yeye kumaliza. Wenzake wakimcheka, zamu inahamia kwao.

Mkaanga Chipsi:
Mimi si mwalimu, nilikuwa mwanafunzi. Shuleni kwetu ukisikika unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Kiingereza sikujifunza, nilijifunza kunyamaza. Walimu mnaoruhusu watoto wabishane kwanza kwa lugha yao, mungekuja kwetu enzi zile.

Chaki Nyeupe:
Bi Mdogo, shukrani, hilo la zamu nalichukua. Ticha wa Temeke, swali: mkuu wa shule akipita akakuta kelele za Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, unamwambiaje?

Ticha wa Temeke:
Nilimpa zile sentensi tatu tatu asome. Akauliza kama kweli wameandika wenyewe. Tangu hapo akipita anachungulia tu. Ila funga mlango, mwalimu wa hesabu jirani yako atakuchukia.

Kalamu Nyekundu:
Mimi ndiye huyo jirani, ila nafundisha Kiingereza vilevile. Chaki, anza na aya bwana.